Mpaka Sebuleni

Mama mkwe wangu alikataa kukaa. Alikuwa ametoka kijijini kwa miguu tangu alfajiri, mkungu wa ndizi kichwani. Akaingia sebuleni kwetu Biharamulo, akatua mzigo, akaona ule mmea ubavuni mwa kabati, akabaki amesimama. Ilikuwa mwaka 1983, ndoa yetu ina miezi minane.

"Mwalimu," akaniita. Hakuwahi kuniita jina jingine, hata mbele ya wajukuu. "Mmegombana?"

Nikamwambia hapana mama, hatujagombana.

"Basi mnagawana nini humu ndani?"

Mume wangu alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikuelewa, na nilijiona mtu niliyesoma. Nilikuwa nafundisha sayansikimu darasa la sita na la saba. Nilipokuwa chuoni nilikuta kwenye maktaba gazeti la zamani la Kiingereza la mambo ya nyumbani, lenye picha ya sebule: kochi, zulia, na pembeni chungu chenye mmea wa majani marefu kama ya muhindi. Sikuwa na kochi wala zulia. Lakini ule mmea nilikuwa nauona kila siku kwenye mpaka wa shamba la shule. Nikakata kipande cha shina, nikakichomeka kwenye kopo la rangi la lita nne lililobaki walipopaka milango ya madarasa, nikajiambia kwamba sasa na mimi nina sebule.

Wanabotania huuita Dracaena fragrans. Wachaga huuita isale, na kwao mtu anayeomba msamaha huenda na jani lake mkononi. Wahaya huuita mulamula, kutokana na kulamula, yaani kuamua ugomvi, kwa hiyo jina lake ni kama kusema "mwamuzi". Kazi yake ndiyo hiyo. Wawili wakigombania ardhi, wazee wanaitwa, mstari unakubaliwa, na juu ya mstari unachomekwa mulamula. Kwetu Bugufi, upande wa Ngara, nilizaliwa nikaukuta kati ya migomba ya babu na migomba ya jirani yake, na nilichapwa kwa kuvunja majani yake nikichezea.

Niliwahi kumuuliza mama mkwe kwa nini hawakuweka mawe, akaniangalia kama anavyotazamwa mwanafunzi mzito. Jiwe linahama usiku, akasema. Mulamula ukiuhamisha unaacha shimo, na huko ulikoupeleka majani yanalegea, kijiji kizima kinajua. Mbuzi hawaushughulikii sana. Kiangazi cha Julai na Agosti, vumbi jekundu likifunika kila kitu, wenyewe bado ni kijani. Ukiukata, unachipua chini ya pale ulipokatwa. Ukitupa kipande chake kwenye majani mabichi, mwezi wa pili unakuta kimeota mizizi.

Zishike sifa hizo, maana ndizo zilizoupeleka Ulaya na kuurudisha.

Lakini kwanza giza. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa msonge wa nyasi, duara, mlango mmoja wa kuinamia, dirisha hakuna hata moja. Ukitoka juani ulisimama kwanza mlangoni ukingoja macho yako yazoee. Kisha ulianza kuona kaa la moto katikati, halafu mguu wa bibi, halafu bibi mwenyewe. Sakafuni kulitandikwa nyasi. Wageni waliokuja kutufundisha ustaarabu waliliandika giza hilo kama kasoro, na sisi walimu tulioandaliwa na vitabu vyao tukairudia ubaoni: nyumba bora ina madirisha. Kweli moshi ule uliharibu macho ya bibi, sitaki kuupamba. Lakini giza halikuwa uzembe. Miinuko ya Ngara ina baridi, na nyumba isiyo na tundu hutunza joto la moto usiku kucha. Moshi ulifukuza wadudu wanaokula nyasi za paa. Nzi nao hawapendi giza, na ndama aliyelala ndani alipumzika.

Katika nyumba ile, kuweka mmea ndani kungekuwa jambo la ajabu. Majani yalikuwa nje: shamba la migomba lilianza hatua tatu kutoka mlangoni. Ndani palikuwa pa moto, watu na mifugo. Kwa hiyo mama mkwe hakuwa mshamba alipokataa kukaa. Alikuwa anasoma alama kama alivyofundishwa kuisoma. Mti wa mstari unakaa kwenye mstari. Ukiwa sebuleni, basi sebule imegawanywa.

Wenzetu wa London walikuwa na giza lao. Kuanzia mwaka 1696 hadi 1851 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya madirisha, na watu wengi wakayaziba kwa matofali ili wapunguziwe. (Sisi Wajerumani walitutoza kwa nyumba, kuanzia mwaka 1897, ndugu wakarundikana katika nyumba moja ili walipe mara moja. Kodi na giza ni marafiki wa zamani.) Juu ya madirisha machache ukaja moshi wa makaa ya mawe. Mimea ya ndani ikawa inakufa, na waliokuwa na fedha wakaanza kutafuta duniani kote mmea unaovumilia chumba cheusi chenye hewa chafu. Daktari mmoja wa mji huo, Nathaniel Bagshaw Ward, aligundua mnamo mwaka 1829 kwamba mmea uliofungiwa ndani ya kioo huzungusha unyevu wake wenyewe na kuishi muda mrefu. Masanduku yake ya kioo yakaanza kupakiwa melini, na miche iliyokuwa ikifia baharini ikafika hai.

Mulamula ulikwisha kujulikana huko. Mwanabotania Linnaeus aliuandika mwaka 1762 kwa jina la Aletris fragrans, na mwaka 1808 ukahamishiwa kwenye ukoo wa Dracaena. Unaota kwa asili katika misitu ya sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki, chini ya miti mikubwa, pale jua linapofika kwa vipande vipande. Hapo ndipo siri yake ilipo. Mmea uliozaliwa kivulini, ukiuweka kwenye kona ya nyumba ya mtu, kwake ni kivuli kingine tu. Na shina lake halihitaji sanduku la Ward. Leo Costa Rica na Guatemala zinalima mashamba makubwa ya mmea huu, mashina yanakatwa magongo, yanasafirishwa kama kuni, yanafika Ulaya na Marekani bila jani wala mzizi, na huko yanachipua. Ndiyo tabia ileile aliyoisifu mama mkwe: ukiutupa, unaota.

Hata hapa kwetu wakusanyaji wa mimea walipita. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri Speke na Grant walikwama katika nchi waliyoiita Usui, ambayo ni hukuhuku upande wa Biharamulo, wakidaiwa hongo na Suwarora, mtawala wa huko, hadi vitambaa na shanga vikaanza kuwaishia. Speke ndiye aliyepata sifa ya kuona chanzo cha Nile. Grant, mtu mpole zaidi, alikuwa njiani akikausha mimea kati ya karatasi, na miaka ya 1870 orodha ya mimea ya msafara wao ilichapishwa London. Nikipita barabara ya kwenda Lusahunga huwa namfikiria Grant ameinama kando ya njia, mlinzi wa Suwarora amesimama nyuma yake akishangaa mtu mzima anayechuma majani asiyoyala.

Na kwa kuwa nazungumzia mipaka: Bugufi yetu ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana namna ya kugawana nchi alizonyang'anywa Mjerumani, wakachora mstari. Gisaka, iliyoangukia upande wa Mwingereza, baadaye ikarudishwa Rwanda. Bugufi ikabaki Tanganyika. Mama yangu alikuwa na shangazi zake ng'ambo hiyo, na mashamba yaliyokuwa na milamula kati ya ndugu na ndugu yakawa na mstari mwingine ambao hakuna mzee aliyeitwa kuuangalia.

Narudi sebuleni. Nyumba zetu za walimu zilikuwa za matofali, dirisha moja kila chumba, wavu wa mbu uliojaa vumbi, nondo, na mbele yake mti wa grevilea ambao mkuu wa shule hakutaka ukatwe. Nyumba za vijijini hazikutushinda kwa mwanga. Wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, mkoa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, watu walihamishwa wakajenga nyumba za pembe nne kwa haraka, na madirisha yakawa matundu ya kupitisha kichwa cha mtoto; baridi ikija, yanazibwa kwa gunia. Tuliacha msonge, giza tukahama nalo. Tofauti ni kwamba moto ulihamia jiko la nje, na ndani pakabaki pembe nne tupu. Msonge hauna pembe. Sebule ya pembe nne inayo kona, na kona inaomba kuwekwa kitu. Naamini hapo ndipo mmea wa ndani ulipoanzia kwetu, kwenye kona, kabla ya gazeti lolote la Kiingereza.

Mmea wangu wa kwanza niliuua. Niliupenda mno, nikaumwagilia kila asubuhi kama bustani ya mchicha. Mwezi wa tatu shina likawa laini kama ndizi iliyoiva, likanuka. Kosa hilo naliona mpaka leo katika kila nyumba ninayoingia. Mmea ulio kivulini hunywa polepole, kwa sababu maji huvutwa na mwanga. Usipokuwapo mwanga, maji yanakaa kwenye udongo, mizizi inakosa hewa, inaoza. Sasa naingiza kidole hadi kifundo cha pili. Kikitoka na udongo ulioshika, naondoka. Kikitoka kikavu, namwaga maji hadi yatoke matunduni chini, naacha yachuruzike, naurudisha mahali pake. Masika hupita hata wiki tatu sijaugusa.

Kuhusu mwanga nina kipimo changu, cha fundi, maana jioni nashona. Macho yetu ni waongo: ukikaa chumbani dakika kumi, yanazoea, unaona pako sawa. Kwa hiyo nakaa pale ninapotaka kuweka mmea, mchana wa saa sita, bila kuwasha taa, natunga uzi mweusi kwenye sindano namba kumi na moja. Nikifaulu mara ya kwanza, mulamula utaishi hapo na kukua. Nikihangaika lakini nikaweza, utaishi bila kukua, na ule wenye mstari wa njano katikati ya jani utaanza kuupoteza mstari, kwa sababu sehemu ya njano haitengenezi chakula, na mmea wenye njaa hauwezi kulisha pambo. Nikishindwa kabisa, hapo naweka kitambaa cha kufuma na picha ya harusi.

Unapouona unarefuka shingo, majani yameachana, umeegemea dirishani kama mtu anayechungulia msafara, hiyo siyo afya. Unatafuta. Ugeuze kopo robo duara kila Jumamosi, na ufute majani kwa kitambaa kibichi, hasa kiangazi, kwa maana vumbi letu la Ngara ni pazia la pili. Ukirefuka kupita kiasi, kata. Kipande kiache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha kichomeke upande uleule uliokuwa chini. Ukikosea ukakipindua, hakioti. Huwa napaka chaki upande wa juu kabla sijakata, tabia ya kazini.

Kopo la rangi halikudumu. Lililofuata lilikuja na msiba. Nilikuwa nimehamia Ngara, na tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, kwa muda wa takriban saa 24. Walikaa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Miti ilikwisha kwa kuni, kilima baada ya kilima. Shuleni tulifundisha huku tunasikia malori mchana kutwa. Na malori yalileta, pamoja na mahindi na maharage, mafuta ya kula kwenye makopo ya bati. Makopo hayo yakawa kila kitu: vibatari, vipimo vya sokoni, mapaa ya mabanda ya kuku yaliyopigwa yakanyooka, na vyungu vya maua. Nilinunua matatu kwa mama mmoja kambini. Aliniuliza ya nini, nikamwambia. Akaniambia kwao Kibungo alikuwa na ua mzima wa mmea huohuo, akanyamaza, kisha akanitobolea matundu ya chini yeye mwenyewe, kwa msumari na jiwe, matano kila kopo, akakataa kuongezewa fedha.

Makambi ya Wanyarwanda yalifungwa mwishoni mwa mwaka 1996. Makopo yangu yalishika kutu taratibu, la mwisho likatoboka mwaka 2009.

Miaka ya karibuni mambo yamegeuka kwa namna inayonichekesha. Mwanangu alikuja kutoka Mwanza na zawadi kwenye chungu cheupe cha plastiki: majani mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, kwa shilingi 35,000. "Mama, huu ni wa kizungu, hauhitaji mwanga." Nikasoma jina kwenye kibandiko: Zamioculcas zamiifolia. Mwanangu, mmea huu asili yake ni mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya kupitia pwani yetu na Zanzibar hadi Afrika Kusini. Ulichorwa na kuandikwa London mwaka 1829, ukasahauliwa kwenye nyumba za vioo, hadi Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi mnamo mwaka 1996. Unatunza maji kwenye viazi vyake chini ya udongo, ndiyo maana unavumilia kusahauliwa. Utomvu wake unawasha, nikauweka juu ya kabati mbali na wajukuu. Muuzaji alimwambia pia kwamba unasafisha hewa ya nyumba nzima. Maneno hayo yalianzia kwenye utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa; katika chumba chenye mlango unaofunguliwa ungehitaji msitu. Fungua dirisha.

Hadithi ni hiyohiyo kwa lile ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwa baba yake, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina la Saintpaulia. Likajaa madirishani Ulaya na Marekani. Mimi nimeliona mara moja, Arusha, kwenye meza ya hoteli, likiwa limeagizwa kutoka nje.

Mulamula wangu ulichanua mara moja tu katika miaka yote hii. Ilikuwa usiku wa Novemba, mume wangu bado yu hai. Aliniamsha akiuliza nani amemwaga manukato. Tulikwenda sebuleni na tochi. Shada jeupe lilikuwa limeinama kutoka juu, maua madogo yote yamefunguka, yakidondosha matone yanayonata kwenye kitambaa cha kochi, na harufu imejaa hadi korido. Asubuhi yalikuwa yamejifunga. Ndipo nilipoelewa kwa nini Linnaeus aliandika fragrans.

Mama mkwe, kwa taarifa yako, alikaa siku ile ya 1983. Alikaa kwenye mkeka, mgongo umegeukia kopo, na kila alipokuja baadaye alikaa hivyohivyo, hadi alipofariki.

Mwaka juzi shemeji yangu alikuja kutoka kijijini asubuhi na mapema, na wazee wawili. Walipima viwanja kule, zikawekwa bikoni za saruji, na milamula ya zamani ikang'olewa kupisha barabara. Sasa bikoni moja imevunjwa, jirani anasema haikuwa pale, na wazee wanataka kuamua kama walivyokuwa wakiamua. "Shemeji," akasema, akiangalia pembeni mwa kabati kama mtu anayeona aibu, "tumezunguka kijiji kizima. Hakuna hata mmoja uliobaki. Tunaambiwa wewe unao."

Nilipaka chaki upande wa juu, nikakata vipande vinne kwa kisu cha jikoni. Kimoja kilikuwa na majani bado. Nikawaambia mulamula huo umekulia ndani, tangu uzaliwe haujaona jua la mchana, ukichomekwa wazi majani yatababuka meupe siku ileile. Waufunike kwa majani ya mgomba wiki tatu, wapunguze jani moja baada ya jingine, na wasiumwagilie kila siku.